Diaporama ya Materinite ya Wamaza

Watu wa Kasongo wananiuliza kwa nini siku hizi simsalimii Papa Lwamba tukikutana sokoni. Nawajibu kwamba shingo inaniuma, haigeuki upande wake. Huo ni uongo, lakini ni mdogo ukiupima na wa kwake. Naandika habari hizi za Honorine nikiwa bado na hasira, na anayetaka maneno ya sukari akamtafute mwandishi mwingine.

Mimi ni Régina, mpiga chapa. Ofisi yetu iko karibu na soko, chumba kimoja chenye meza tatu na mbao mbili za sola juu ya bati. Mlangoni tumebandika karatasi: TUNAANDIKA BARUA, TUNATOA KOPI, TUNATENGENEZA SITI. Siti ni zile kurasa za mtandao ambazo wengine huziita tovuti. Barua na kopi ni zangu mimi. Siti ni za Honorine.

Honorine ni Mbangubangu wa Wamaza, huko Kabambare. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mpunga na karanga. Mama yake alifariki Honorine akiwa hajaota meno ya pili, akalelewa na dada yake Albertine, ambaye naye alikuwa bado msichana mdogo. Albertine ndiye aliyeacha shule ili mwenzake asome. Honorine alimaliza sekondari hapa Kasongo, akaenda Kindu kusoma mambo ya kompyuta, akasoma mwaka mmoja na nusu, baba akafa, masomo yakaishia hapo. Akapanda pikipiki akaenda Salamabila, kwenye dhahabu. Lakini hakuchimba. Alikaa miaka minne akitengeneza simu za wachimbaji, simu zilizoanguka majini, simu zilizojaa udongo, simu ambazo mwenyewe amefukiwa na shimo na ndugu wanataka angalau picha zake. Huko ndiko alikonunua mashine yake, kompyuta ya kubebeka, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza siti, akisoma kurasa za Kifaransa zilizohifadhiwa kwenye kadi ya simu. Hakuwa na mwalimu. Kila kosa alilifanya mara tatu, ndipo akaliacha.

Ana tabia moja inayonichosha. Hawezi kuvumilia kitu kinachokwaruza. Mlango ukilia, atauamsha mtaa mzima akitafuta mafuta ya kuupaka bawaba. Herufi ikikaa vibaya kwenye ukurasa, atairekebisha mpaka nisahau kama yumo ofisini. Mimi ni mtu wa kufoka, yeye ni mtu wa kurudia. Na kila akimaliza kazi huijaribu kwenye simu yangu ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, ambayo hufikiri kwanza kabla ya kufungua kitu chochote.

"Mama Régina, leta ile marehemu yako," huniambia. "Kama siti inatembea humo, itatembea dunia muzima."

Nampa huku namtukana. Ndivyo tunavyoishi.

Jumatatu moja, mwisho wa majira ya mvua, akaingia Papa Lwamba. Huyu ni mratibu wa shirika linaloitwa Nuru ya Wazazi, mwenye gari jeupe na viatu ambavyo havijawahi kuona matope, ingawa barua zake zote, ambazo mimi ndiye ninayezipiga, zinasema anafanya kazi vijijini. Aliweka mezani kwa Honorine kijiti cha picha, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta.

"Mama Honorine, niko na kazi ya haraka. Nataka diaporama pale mbele kabisa mu siti yetu. Picha zipokezane zenyewe, moja inaondoka, ingine inaingia. Siku ya Ijumaa wafadhili wataangalia mu mukutano. Materinite ya Wamaza imeisha."

Honorine aliacha kuandika. "Imeisha, papa?"

"Imeisha. Bati, milango, rangi. Mvua njo ilikata njia, ndiyo maana habari haiyafika huku. Wafadhili wakisha kuona, wanafunga dosie ya hii kazi, tunaenda territoire ingine."

Alipotoka, Honorine alikwenda nyuma ya nyumba. Aliporudi uso ulikuwa umelowa.

"Wamejenga, Mama Régina," akasema. "Yaya hakubeba bure."

Lazima nieleze huyo yaya, dada yake mkubwa Albertine, alibeba nini, la sivyo hasira yangu itaonekana ya kichaa. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, shirika la Lwamba lilifika Wamaza likaahidi nyumba ya kuzalia. Wafadhili wataleta saruji na bati, wakasema, nyinyi wananchi mtaleta mawe na mchanga. Ni salongo, kazi ya wote, na huko kwetu salongo ya mawe maana yake ni vichwa vya wanawake. Majuma mawili walipanda na kushuka kutoka mtoni, jiwe juu ya kata, mtoto mgongoni. Albertine alikuwa na mimba ya miezi sita. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini nani angekaa nyumbani wakati nyumba inayojengwa ni ya kuzalia yeye mwenyewe?

Kuta zilipofika magotini mafundi wakaondoka. Walisema saruji iko njiani. Miezi mitatu baadaye uchungu ukamshika Albertine, na saruji ilikuwa bado iko njiani. Wakampandisha kwenye pikipiki kumpeleka Kabambare. Mtoto, msichana, alizaliwa kando ya njia na akafa kabla hawajafika popote. Walirudi naye amefungwa kwenye kitenge cha mama yake.

Basi. Sasa mnaelewa kwa nini Honorine alilia kwa furaha alipoambiwa nyumba imekwisha. Wamaza hakuna mtandao, na kwa miezi mitatu mvua ilikuwa imebeba madaraja ya magogo, hakuna pikipiki iliyopita. Alimwamini yule mtu. Hata mimi nilimwamini, na mimi siamini kirahisi hata tangazo la misa.

Jumanne alikuwa tayari ametoa jaribio la kwanza. Lwamba akaja, akalitazama, akakunja uso.

"Inaruka sawa chura. Picha inakatika, ingine inaanguka juu. Mimi nataka iteremuke sawa mafuta ya mawese mu chupa. Watu wa Ulaya wanapenda kitu laini."

Alisema kweli, ilikuwa inaruka. Picha zilipigwa kwa simu nzuri, kila moja nzito kama gunia la mpunga, na mtandao wetu ni wa kubeba kilo mbili tatu. Honorine akaanza kazi. Kwanza alizipunguza uzito zote kumi na mbili, macho yasijue kwamba kuna kilichopungua. Halafu akazikata zikae kwenye umbo moja, maana picha ndefu ikifuatwa na fupi maandishi ya chini hupanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Halafu akaandika agizo kwamba picha inayofuata iitwe mapema, ije ijifiche nyuma ya mwenzake, ili zamu yake ikifika isitafutwe. Yote hayo alikuwa ananieleza huku anafanya, nami naitikia "eeh, eeh" huku napiga barua ya mtu anayeomba kazi ya ulinzi.

Mwisho akaacha ule mtindo wa picha kusukumana kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwenye simu dhaifu kusukumana huko kunatetemeka. Akaamua zifanyiane hivi: zote mbili zikae mahali pamoja, moja ififie polepole, nyingine itokeze polepole ndani yake, sekunde moja na nusu. Hapo pakawa na shida moja. Wakati wa kubadilishana jicho linapotea, halijui lishike wapi.

"Natafuta kitu yenye iko mu picha zote," akasema. "Nikiweka ile kitu fasi moja, jicho litatulia."

Hakutafuta sana. Kila picha ilikuwa na kibao cha shirika, kibao cha buluu chenye miguu miwili ya chuma, NURU YA WAZAZI, MATERINITE YA WAMAZA. Lwamba hapigi picha bila kibao. Nadhani hata kwenye arusi ya binti yake alikisimamisha kati ya bibi na bwana. Honorine akazisogeza picha moja moja, akaweka kibao juu ya kibao, pembe juu ya pembe, kwa uvumilivu ule wake wa kuudhi, macho yakiwa kwenye kibao tu, mpaka herufi za picha ya kwanza zikalala sawasawa juu ya herufi za picha ya kumi na mbili.

Jumatano baada ya swala ya adhuhuri alinyoosha mkono. "Leta marehemu."

Tulitazama pamoja. Na niseme haki, ilikuwa nzuri. Ile simu yangu mbovu ilizibeba picha bila kushtuka hata mara moja. Mkutano wa wananchi ukayeyuka ukawa mitaro ya msingi, mitaro ikawa wanawake wenye mawe, na kibao kimetulia katikati. Picha ya nane ilikuwa ya Albertine. Amesimama kando ya kibao, jiwe kichwani, mkono mmoja unalishika, mwingine uko chini ya tumbo. Honorine aligusa kioo kwa kidole.

Halafu Albertine akaanza kufifia. Ukuta mweupe ukatokeza ndani ya mwili wake. Kibao hakikusogea hata unywele. Lakini nyuma ya kibao kile kilima cha Wamaza, kilichokuwa kwenye picha zote nane, kilikuwa kinayeyuka, pakabaki uwazi, na kwenye kona ya juu nyavu za samaki zimeanikwa.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Albertine akafifia tena, kilima kikayeyuka tena.

Mimi nimezaliwa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Nyavu zilizoanikwa nazijua kuliko ninavyojua sala zangu. Na ile nyumba niliijua pia. Mlango mpana kuliko kawaida, ili mkokoteni uingie. Madirisha manne madogo, juu kabisa chini ya bati, yenye wavu wa kuzuia panya. Marehemu mama yangu alipepeta mpunga mbele ya mlango ule miaka na miaka. Ni depo ya mpunga ya mfanyabiashara mmoja wa Nyangwe, imepakwa chokaa. Walikuwa wamekibeba kibao kwenye pikipiki kutoka Wamaza mpaka Nyangwe kabla mvua haijakata njia, wakakichomeka mbele ya depo, wakapiga picha nne, wakaking'oa.

Damu ilinichemka mpaka nikasahau Kiswahili. Nilitukana kwa Kifaransa, na Kifaransa changu si cha matusi. Ni wapi duniani mwanamke anazalia kwenye nyumba yenye madirisha ya panya? Nilisema tukitupe kile kijiti chooni. Nilisema niende nikamvue Lwamba viatu vyake hadharani.

Honorine hakuwa ananisikiliza. Alifungua picha ya tisa kwenye mashine na kuangalia maandishi ambayo simu huyaficha ndani ya picha: siku iliyopigwa, na mahali, kama mwenye simu hakuzima. Mwenye simu hakuzima. Mahali palikuwa Nyangwe, siku ilikuwa ya juma lililopita.

"Kama ningeliacha inaruka," akasema, "hakuna mutu angeona."

Hilo ndilo lililoniumiza. Yule mtu alikuja mwenyewe kuomba ulaini. Aliyezoea kudanganya kwa karatasi hajui kuziogopa picha.

"Usimupe kitu," nikamwambia. "Kataa kazi."

"Nikikataa, atachukua mutu mwingine. Picha zitapita mbio mbio, dosie itafungwa. Wakisha kuandika kwamba imeisha, Mama Régina, nani atajenga tena kitu yenye imeisha?"

Hakuna anayejenga nyumba iliyokwisha.

Alhamisi asubuhi Lwamba alifika ananukia marashi, maana mchana alikuwa anasafiri kwenda Kindu kwenye mkutano. Honorine alimwonyesha diaporama kwenye mashine. Bwana yule akapiga makofi.

"Njo hii! Mafuta ya kweli! Nilisema weye ni fundi."

"Papa," akasema Honorine, "tazama kilima."

"Kilima gani?"

Akairudisha picha ya nane. Akaiacha ififie. Lwamba alitazama mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu uso wake ukabadilika. Hakuona aibu. Alionekana kama mtu aliyekuta kokoto kwenye wali.

"Toa hii ya kufifia," akasema. "Weka sekunde moja moja, zipite mbio."

"Materinite iko wapi, papa?"

"Materinite itajengwa. Ni mambo ya utaratibu, huwezi kuelewa. Wenye kuangalia ni watu wa mbali, hawajue Wamaza, hawajue Nyangwe. Weye ni fundi wa siti, siyo polisi."

Hapo nikaingilia. Sikuweza tena. "Na wamama wenye walibeba mawe, nao ni watu wa mbali?"

Akanigeukia kwa upole wa mtu anayemfukuza kuku. "Mama Régina, wamama wa kule wanazaliaka mu njia tangu zamani za babu. Mwaka moja zaidi haitawaua."

Nilishika mashine ya kutobolea karatasi. Kweli niliishika, na ni ya chuma. Honorine akaweka mkono wake juu ya wangu, kisha akamwonyesha Lwamba kioo.

"Huyu mwenye jiwe ni yaya yangu. Ile mimba alizaliaka mu njia. Mutoto alikufa."

Nje mtu alikuwa anauza mihogo, tulimsikia akiita wateja. Lwamba alitazama kioo, akatazama saa.

"Pole, mama," akasema. "Lakini kesho ni Ijumaa. Siti iwe tayari saa tatu. Mukichelewesha, hii ofisi yenu tutaona kama iko na ruhusa ya kufanya kazi."

"Nimekusikia, papa," Honorine akajibu.

Lwamba akaridhika akaondoka. Wanaume wa namna ile hawajui tofauti ya kusikiwa na kutiiwa. Nilipomtazama Honorine niliona anagonga kitufe kimoja cha mashine kwa nguvu, tena na tena, na sijawahi kumwona hivyo kabla wala baada. Mwanamke yule ana hasira kunishinda. Kumbe miaka yote nilidhani hana.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia, ili nimpe nguvu. Akacheka kidogo, kwa sababu ya neno lenyewe na mahali tulipokuwa tunalisemea.

Siku ile yote alifanya kazi. Hakuongeza picha wala hakutoa hata moja. Alirefusha kule kufifia kati ya picha ya nane na ya tisa, kutoka sekunde moja na nusu mpaka sekunde kumi. Na chini ya kila picha aliandika mahali ilipopigwa na siku yake, kama simu yenyewe ilivyoandika. Nane za kwanza: Wamaza, na mwaka wake. Nne za mwisho: Nyangwe, depo ya mpunga, juma lililopita. Hakuandika tusi. Mimi nilipendekeza matusi matatu mazuri, akayakataa yote. Ijumaa saa mbili na nusu ilikuwa hewani, laini kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza.

Saa nne simu yake ikalia. Akaiweka wazi ili nisikie. Sauti ya Lwamba ilikuwa ya chini, ya mtu aliyetoka chumba cha mkutano akafunga mlango nyuma yake.

"Simamisha! Honorine, simamisha ile kitu!"

"Nisimamishe wapi, papa?"

"Popote! Wako wanaangalia! Wanauliza depo ni nini!"

"Haisimame, papa. Ulisema ipokezane yenyewe."

Akakata simu. Mimi nilicheza, nikiri. Nilicheza katikati ya chumba na mteja wa kopi amesimama. Lakini kama mnadhani habari inaishia kwenye ngoma yangu, hamjui jinsi mambo yanavyokwenda huku.

Wafadhili waliandika barua baada ya majuma mawili. Kazi zote na Nuru ya Wazazi zimesimama. Dosie ya Wamaza haitafungwa, itachunguzwa. Tume itakuja. Hawakusema itakuja lini. Lwamba hakukamatwa, gari jeupe bado analo, na anawaambia watu sokoni kwamba kuna mwanamke wa kompyuta aliyewauza wazazi wa Wamaza kwa wivu. Ndiyo maana shingo yangu inauma.

Na maneno hufika mahali ambapo mtandao haufiki. Njia ilipokauka, Musafiri, dereva wa pikipiki wa njia ya Kabambare, alituletea habari kwamba huko Wamaza wanasema Honorine amewafukuza wafadhili. Honorine hakulala vizuri juma lile. Akaniambia anakwenda. Nikamwambia hatakwenda peke yake, nikafunga ofisi, tukapanda pikipiki mbili, na kiuno changu mpaka leo hakijanisamehe.

Tulikuta kuta bado ziko magotini. Majani yamefunika mawe, mbuzi wamelala ndani ya chumba ambacho kingekuwa cha kuzalia. Wanawake walikuja karibu arobaini, na hakuna aliyetukaribisha kiti. Aliyesema ni Dieudonnée, kiongozi wa kina mama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka mto.

"Siye tulibeba mawe na kichwa. Weye umeharibu na kidole moja."

Honorine hakujitetea. Alitoa mashine yake, maana diaporama ilikuwa imehifadhiwa ndani, akaiweka juu ya ukuta ule wa magotini, akawaomba waangalie. Wakasogea wakisukumana. Walijitambua kwenye mitaro, wakaanza kuitana majina, wengine wakacheka walivyokuwa wembamba. Ikaja ya nane. Kicheko kikakatika. Albertine akafifia sekunde zake kumi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa na mimi. Kilima chenyewe kilikuwa nyuma ya migongo yao. Waligeuka wakakitazama, wakarudi kwenye kioo ambako kimepotea, na ndipo kelele zikaanza. Sijawahi kusikia hasira ya namna ile. Dieudonnée alikiendea kibao cha buluu, ambacho kilikuwa kimerudishwa pale kana kwamba hakikusafiri, akaking'oa kwa mikono yake akakitupa kwa mbuzi.

Albertine alikuwa amesimama kati yao. Ni mwanamke mrefu, mzito wa maneno kama mdogo wake. Alisubiri wenzake wachoke.

"Rudisha ile yangu," akasema.

Honorine akairudisha. "Yaya, nitaitoa mu siti. Nilijua itakuumiza, ilifaa nikuulize kwanza."

"Usiitoe." Akainama karibu na kioo. Hakuwa anautazama uso wake mwenyewe. Aliweka kidole kwenye picha, pale mkono wake uliposhika tumbo. "Huyu hakuna mutu alimupigaka foto ingine. Hapa alikuwa muzima."

Wanawake wote wakasikia. Dieudonnée akafunika mdomo kwa kitenge.

Sekunde zikafika, picha ikaanza kufifia kama ilivyoagizwa, ukuta mweupe ukaingia. Albertine akapiga ukuta wa mawe kwa kiganja.

"Simamisha! Kwa nini ipite? Nyuma ya ile siku hakuna kitu imekuja."

Honorine aligusa mashine, picha ikasimama.

Siti ambayo kina mama wa Wamaza walimwagiza siku ile ipo hewani mpaka leo, na wateja wetu wengine wanaomba waonyeshwe kazi za Honorine, halafu wananiuliza kwa nini fundi wa picha laini kuliko wote Kasongo ameweka siti yenye picha moja isiyofanya chochote. Haifanyi chochote kweli. Albertine amesimama na jiwe lake na tumbo lake, chini yake pameandikwa maneno ya Dieudonnée, mawe tulileta, nyumba iko wapi, na wafadhili wakibonyeza popote, yeye hapiti.